Kocha aliyekaa chuo kimoja kuanzia 1941 hadi 1997: wakuu, huyu aliondokaje?

Mwalimu wa Makorora ameandika:

Wakuu, habari za usiku. Nawaandikia kutoka Tanga, hapa Makorora. Nyumba nzima imelala, mimi usingizi umekataa kuja. Naombeni mnisome mpaka mwisho.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni nafundisha mpira watoto wa mtaa, wa miaka tisa hadi kumi na sita, na kazi hiyo nimeianza mwaka 2004. Mshahara hakuna. Uwanja wetu kaskazi ni vumbi tupu, masika ikishuka lango la upande wa mashariki linasimama ndani ya maji. Mipira tunayo minne, mmoja umeshonwa mara tatu na fundi viatu wa kule Ngamiani. Tukiwa na mechi ya nje, mke wangu anaamka saa tisa usiku kukaanga maandazi, ili tukipanda gari la Muheza kila mtoto awe na mawili mkononi na chungwa moja. Vijana waliopita kwangu wengine leo ni mafundi, wengine wanavua, wawili ni walimu wenzangu. Aliyefika Ligi Kuu hayupo, lakini wapo watatu waliochaguliwa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, wakauwakilisha mkoa.

Mwezi uliopita kamati ya timu ilinikalisha baada ya swala ya Isha. Waliongea kwa adabu, siwalaumu kwa hilo. Walisema, Mwalimu, tunakushukuru, ila umri unakwenda, tuangalie damu changa. Kijana wanayemtaka nimemlea mwenyewe, alikuja kwangu mapengo mbele, jezi inamfika magotini. Niliomba muda wa kufikiri. Tangu usiku ule nikipuliza firimbi naona kama nimeiazima.

Mpwa wangu yuko Marekani. Nilipomweleza, akanitumia habari za kocha mmoja anaitwa Eddie Robinson, akaniambia, "Mjomba, huyu mtu ni wewe." Nimezisoma usiku mbili mfululizo. Mzee huyu alizaliwa 1919 huko Louisiana, baba yake akilima shamba la mtu kwa kugawana mazao, mama akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Alipomaliza chuo, mtu mweusi mwenye digrii, kazi aliyoipata ni kwenye kinu cha kusaga chakula cha mifugo, senti 25 kwa saa. Mwaka 1941, akiwa na miaka 22, akachukuliwa kufundisha mpira wa Kimarekani kwenye chuo kidogo cha watu weusi mahali panaitwa Grambling. Akakaa hapo hapo mpaka 1997. Chuo kimoja tu, na mke mmoja, Bi Doris, waliooana mwaka huo huo wa 1941. Ushindi 408.

Ule mpira wao wa kofia ngumu siujui. Nikiutazama naona watu wanagongana kisha wanasimama kujadiliana. Hizo 408 sijui nizipime vipi. Lakini nilipofika mahali panaposema mwanzoni alikuwa anafyeka nyasi za uwanja kwa mkono wake, anachora mistari, anawafunga vijana bandeji za vifundo vya miguu, anaendesha basi, na kabla ya safari anawatengenezea mikate ya kula njiani kwa sababu mahoteli ya kusini hayakuwauzia watu weusi, hapo nilimwamsha mke wangu nimsomee. Alikaa kitako kitandani akasikiliza. Akauliza, "Hiyo mikate alitengeneza yeye au mkewe?"

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, mnaoujua mpira ule mnieleze hizo 408 ni kitu gani. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Habari alizonitumia mpwa wangu zinaishia kwenye sherehe na tuzo. Mwaka wa mwisho hazikuugusa. Aliamua kuondoka mwenyewe au aliambiwa? Nani alichukua nafasi yake? Mtu aliyekaa miaka yote hiyo, siku ya kuacha alifanyaje?

Naomba kuwasilisha.

---

Mgosi wa Duga amejibu:

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Nakujibu la kwanza, maana nimeufuatilia mpira ule nilipokuwa baharia.

Usizipime 408 kwa mizani ya ligi yetu. Timu ya chuo kule inacheza mara moja kwa wiki, na enzi za mzee huyu msimu mzima kwa kawaida ulikuwa mechi kumi, kumi na moja, basi. Mwili hauwezi zaidi ya hapo. Sasa chukua hesabu yake: ameshinda 408, ameshindwa 165, sare 15. Jumla mechi 588. Na ingawa ni miaka 57, misimu ni 55, kwa sababu 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu, vijana walikuwa vitani. Miaka hiyo miwili alifundisha sekondari ya pale pale Grambling. Kwa hiyo kila msimu, kwa wastani, anashinda saba na zaidi katika mechi kumi au kumi na moja, na anafanya hivyo miaka hamsini na ushee. Sisi hapa kocha akitoa sare tatu uwanjani Mkwakwani, Jumatatu anafungasha.

Kuna makocha waliokuja kumpita kwa idadi, John Gagliardi wa Minnesota alifika 489, na Joe Paterno yeye ana 409. Lakini siku anaondoka, alikuwa hajatokea wa vyuo aliyefika 400 isipokuwa yeye.

La pili namwachia mwenye kulijua. Mimi kwa mawazo yangu usiondoke. Kamati zinapita.

---

Binti Pongwe amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimelisoma swali lako nikaiweka simu mezani, nikachemsha chai kwanza. Mimi ni mzaliwa wa Pongwe, baba yangu alikuwa karani wa shamba la mkonge. Mwaka 1996 nilikwenda kusoma Ruston, Louisiana, na kutoka Ruston hadi Grambling ni dakika kumi kwa gari. Msimu wa mwisho wa mzee huyu ulinikuta pale. Nitakueleza yote, matamu na machungu, maana umeuliza kwa moyo.

Kwanza mahali penyewe. Usifikirie jiji. Ni vilima, misonobari na udongo mwekundu kama wa Lushoto. Uwanja umewekwa bondeni, unaingilia kwa juu halafu unashuka. Siku ya mechi, kabla hujauona mpira unaisikia bendi. Bibi yangu alikuwa akinisimulia habari za beni hapa Tanga, Marini na Arinoti, namna walivyoshindana kwa sare za kijeshi na ngoma mpaka mji ukagawanyika. Nilivyoiona bendi ya Grambling inashuka ngazi, nilisema haya ndiyo aliyokuwa anayasema bibi. Bendi hiyo ilipiga kwenye Super Bowl ya kwanza kabisa, ndiyo fainali ya mpira wao wa kulipwa, Januari 1967. Watu wengine walikuwa wanakuja kwa ajili ya bendi, mpira baadaye.

Sasa kazi yake. Alipoingia 1941, mshahara ulikuwa dola 63.75 kwa mwezi. Mkuu wa chuo, Ralph Waldo Emerson Jones, naye alikuwa mtu wa aina yake: aliongoza chuo kuanzia 1936 hadi 1977, na juu ya ukuu huo akawa anafundisha timu ya besiboli mwenyewe. Nadhani hili ndilo watu wanalisahau wakimsifu Robinson. Alikuwa na bosi aliyeijua kazi ya uwanjani, akamwacha afanye. Msimu wa kwanza alishinda mechi tatu, akashindwa tano. Kwingine angefukuzwa. Msimu wa pili, 1942, walicheza mechi tisa wakashinda zote tisa, na katika hizo tisa hawakufungwa hata pointi moja.

Kuna kisa walikuwa wanakisimulia pale mpaka kwa wageni kama mimi. Wachezaji wake wawili, ndugu, baba yao aliwaita nyumbani kuchuma pamba, msimu umefika na mikono haitoshi. Kocha hakwenda kubishana na mzee wa watu. Aliipakia timu nzima kwenye basi, wakaenda shambani, wakachuma pamba ya yule mzee mpaka ikaisha, kisha akarudi na vijana wake. Mwalimu, wewe unayejua mkonge na machungwa yanavyovuta watoto Muheza na Pongwe, utakielewa kisa hiki kuliko Mmarekani wa leo.

Asubuhi alikuwa anapita mabwenini na kengele mkononi, saa kumi na mbili na nusu, anawaamsha waende kula na waende darasani. Hiyo ni asubuhi ya kawaida ya masomo, mbali na siku ya mechi. Safarini alitaka wavae koti na tai. Wengi wao walikuwa watoto wa mashambani, na alijua wakishuka kwenye basi watatazamwa kwanza kabla ya kuulizwa jina.

Kuhusu alichokijenga, nitakutajia watatu tu ingawa waliofika ligi ya kulipwa kutoka mikononi mwake wamepita 200. Wa kwanza ni Paul Younger, waliyemwita Tank. Mwaka 1949 alisajiliwa na timu ya Los Angeles Rams, na kabla yake ligi ile ilikuwa haijawahi kuchukua mchezaji kutoka chuo cha watu weusi. Kocha alimweleza wazi kwamba akishindwa, mlango utafungwa kwa miaka mingi kwa wenzake wote. Fikiria kijana anapanda gari na mzigo huo kichwani. Hakushindwa.

Wa pili ni James Harris. Lazima ujue kuwa katika mpira ule kuna mchezaji mmoja anaitwa kwotabeki, ndiye anayeanza kuupokea mpira, ndiye anayesoma uwanja na kuamua uende wapi. Miaka ile wakubwa wa ligi waliamini mtu mweusi hana akili ya kukaa hapo. Kijana mweusi aliyecheza kwotabeki chuoni, akifika ligi wanamhamisha akimbie au akabe. Robinson alikusudia kumwandaa Harris tangu siku ya kwanza ili asihamishwe, na mwaka 1969 timu ya Buffalo ilimwanzisha mechi ya ufunguzi kama kwotabeki.

Wa tatu ni Doug Williams. Tarehe 31 Januari 1988 akiwa na timu ya Washington alicheza fainali ya Super Bowl, wakawafunga Denver 42 kwa 10, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa siku. Kabla yake hakuwepo kwotabeki mweusi aliyetwaa fainali hiyo. Mliokuwa Tanga mwaka huo mnakumbuka 1988 yetu, Coastal Union walipochukua ubingwa wa ligi na mji ukakesha. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nakumbuka watu wamejaa barabarani Ngamiani. Nilipojua baadaye kuwa ni mwaka ule ule, ilinifurahisha sana moyoni, sijui kwa nini. Mshike jina huyu Doug Williams, tutamrudia.

Rekodi ya ushindi mwingi aliivunja tarehe 5 Oktoba 1985 mjini Dallas, walipowafunga Prairie View 27 kwa 7. Ulikuwa ushindi wa 324, akampita Bear Bryant, kocha wa Alabama, aliyekuwa na 323. Ushindi wa 400 aliupata Oktoba 1995.

Mwalimu, hapa ndipo penye jibu lako.

Aliambiwa. Baada ya ule wa 400 mambo yalipinda. Msimu wa 1995 walishinda tano, wakashindwa sita. Mwaka 1996 walishinda tatu, wakashindwa nane. Kulikuwa na wachezaji waliojiingiza kwenye makosa makubwa nje ya uwanja, kulikuwa na uchunguzi wa kukiuka kanuni za michezo ya vyuo. Ukienda dukani Ruston, watu wanalizungumza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa ndani. Mwisho wa 1996 uongozi ulitaka aondoke mara moja. Waliosoma pale wakaja juu, mpaka gavana wa jimbo akaingilia, na akapewa msimu mmoja wa kuagia, 1997. Akashinda tena mechi tatu na kushindwa nane.

Mechi ya mwisho ilichezwa New Orleans, tarehe 29 Novemba 1997, dhidi ya chuo cha Southern, watani wao wa jadi. Nilikwenda na wenzangu wanne kwenye gari moja bovu. Wakafungwa 30 kwa 7. Mzee wa miaka 78 alisimama kando ya uwanja mpaka kipyenga cha mwisho. Mimi ni mtu wa nje, sina undugu naye, lakini nililia, na waliokaa safu yangu wengi walikuwa wanafuta macho.

Kwa hiyo sisemi kama Mgosi wa Duga. Mimi naona angeondoka 1995, siku ya ule wa 400. Angetoka mlangoni kwa mguu wake. Miaka miwili ile ya nyongeza ilimtesa yeye na ikawatesa waliompenda. Naomba radhi kama nimekuumiza.

---

Mzee wa Chumbageni amejibu:

Binti, ahsante, umeeleza vizuri sana. Ila neno lako la mwisho silikubali hivi hivi.

Mimi nina miaka 74, nilistaafu reli. Siku yangu ya mwisho kazini waliniita ofisini saa tano asubuhi, saa saba nilikuwa nje na bahasha. Hakukuwa na wa kumuaga, wenzangu wa zamu ya usiku walikuwa wamelala majumbani kwao. Mpaka leo kuna watu nikikutana nao sokoni wananiuliza, hivi ulihama?

Sasa huyu mzee alipewa mwaka mzima. Kila mji aliokwenda kucheza mwaka ule watu walijua anapita kwa mara ya mwisho. Aliowafundisha 1950 walipata nafasi ya kupanda gari wakaja kumshika mkono. Wewe binti unahesabu kwamba alishindwa mechi nane. Mimi nahesabu mechi kumi na moja za kuagana. Nyumba inaachwa chumba kwa chumba, hutoki kwa dirishani.

Umesema tutamrudia yule Doug Williams. Mrudie basi.

---

Binti Pongwe amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la kuagana umenifungua macho, na pole kwa bahasha ile.

Namrudia. Aliyemrithi Robinson mwaka 1998 ni Doug Williams. Kijana wake mwenyewe, aliyemchezesha pale katikati ya miaka ya sabini, aliyekwenda akatwaa Super Bowl, akarudi kushika firimbi ya mwalimu wake. Haikuwa rahisi kwake, uwanja una jina la mzee, kila aliyekaa jukwaani ana kumbukumbu ya mzee. Lakini kuanzia 2000 mpaka 2002 alitwaa ubingwa wa kanda yao mara tatu mfululizo.

Mzee mwenyewe aliishi pale pale karibu. Baadaye ugonjwa wa kusahau ukamshika, Bi Doris akimuuguza. Alifariki tarehe 3 Aprili 2007 huko Ruston, akiwa na miaka 88. Walikuwa wameishi kwenye ndoa miaka 65. Nilikuwa nimeisharudi Tanga. Nilimpigia simu rafiki yangu wa Ruston, hatukuongea mengi, tulikaa kimya kwenye simu huku dakika zinakwenda.

Mwalimu, kijana wanayemtaka ni wako. Hicho tu nakukumbusha. Wangeweza kuleta mgeni.

---

Mgosi wa Duga amejibu:

Haya, hili la kurithiwa na mwanafunzi wake nilikuwa silijui. Nalirudisha nyuma nusu ya neno langu. Mwalimu, tuambie umefikia wapi.

---

Mwalimu wa Makorora amejibu:

Wakuu, dada, mzee wangu, shikamoo na ahsanteni. Nimechelewa kujibu kwa sababu kulikuwa na mitihani ya shule, halafu nilitaka nije na jambo lililokwisha kufanyika.

Dada, hukuniumiza. Mtu akikuficha jipu ndiye anayekuumiza. Nilisoma maelezo yako kwa sauti, mke wangu akiwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye 30 kwa 7 aliacha kuchambua. Alisema, "Walimwachia asimame mpaka mwisho." Mimi hapo niliona kushindwa tu, yeye aliona heshima. Naona yeye na Mzee wa Chumbageni wako upande mmoja. Mimi bado nayumba katikati yenu.

Niliirudia kamati. Niliwaambia sigombi, ila sitoki kwa siku moja. Nimeomba msimu huu tuwe wawili, mpaka watoto wa darasa la saba wamalize. Kijana apange kikosi, mimi nibaki na yale mengine. Walikubali, wawili wakabisha kidogo. Mwenyekiti alinishika bega wakati wa kutoka, hakusema kitu.

Jumapili tumecheza Pongwe, kwenu dada. Firimbi nimempa yeye. Nilikaa chini ya mwembe na ndoo ya maji na maganda ya machungwa, mahali ambapo kwa miaka yote nilikuwa namwona mtu mwingine amekaa. Dakika kumi za mwanzo nilishika nyasi kwa mikono yote miwili ili nisisimame. Kipindi cha pili alimtoa winga wetu wa kulia, mtoto ambaye mimi nisingemtoa hata anachechemea, maana namjua mama yake na najua akitolewa ataliaje. Alilia kweli. Akaja kukaa kwangu, nikampa chungwa. Yule aliyeingia ndiye aliyesawazisha. Mbili kwa mbili. Nakiri nisingefanya badiliko lile, na nakiri lilikuwa sahihi. Kurudi kwenye gari kijana hakunitazama usoni mpaka tumepita njia panda. Nikamwambia, umefanya vizuri. Akainama, akaniuliza kama nimekasirika kwa ajili ya winga. Nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli.

Ile kengele ya mabwenini haijanitoka kichwani. Watoto wetu hawana mabweni, lakini wanaokosa shule nawajua kwa majina, na nilikuwa nalalamika tu ofisini kwamba fulani haji. Kuna mmoja wa Mikanjuni, beki wa kati, darasa la sita, ana akili ya hesabu mpaka unashangaa. Wiki nzima hakuonekana darasani wala mazoezini. Jumamosi alfajiri baada ya swala nilichukua baiskeli nikaenda kwao. Bibi yake akaniambia yuko pwani ya Deep Sea na baba yake, mashua zimepata dagaa wengi, mikono haitoshi.

Nilishuka mpaka ufukweni. Kulikuwa bado na giza kidogo, karabai zinawaka kwenye mashua, watu wanaitana. Nilimwona anapandisha tenga na baba yake, limewazidi, wanalitua kila hatua nne. Baba aliponiona alibadilika uso, akajua nimekuja kumgombeza. Nilikuwa nimejiandaa maneno njia nzima, ya haki ya mtoto na ya mitihani.

Niliiegemeza baiskeli kwenye mtumbwi, nikavua viatu, nikakunja suruali. Nikamwambia mtoto akae pembeni apumzike. Nikashika tenga upande wake, baba akashika upande wa pili.

Tulibeba kumi na moja. Jumatatu alikuja shule.